Swali Nililolimeza Kuhusu Wageni wa Angani

Sijaisahau, mwanangu, Jumamosi ile ukumbini Kaloleni, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, nimesimama kando ya mwanasayansi nikiwatafsiria watu maneno yake. Nimeificha habari hii miaka mingi kwa aibu. Leo naitoa kwa sababu wiki jana mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mtu wa koti jeupe akiapa kwamba viumbe kutoka sayari nyingine wameshatua duniani, na kwamba yeye anao ushahidi.

"Shosho, huyu si mtu wa mtaani," akaniambia. "Ni profesa!"

Damu ilinichemka. Sikumkasirikia mtoto. Nilikasirika kwa sababu cheo kama hicho ndicho kilichonipumbaza mimi.

Tulikuwa tukikaa Makongeni, baba akifanya kazi ya reli. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja, na asubuhi moja baada ya mvua watu waliona vumbi jeupe pale likitoa mapovu na harufu ya kuchefua. Mtu akatupa kipande cha sigara karibu, moto ukalipuka ghafla na kuzimika. Kufikia saa sita mtaa wote ulikuwa ukizungumza habari hiyo tu.

Siku chache baadaye akaja Daktari. Alikuwa mgeni aliyekuja nchini kufanya utafiti, na Kiswahili hakukijua. Akazunguka kiwanja, akapiga picha, akatangaza kwamba chombo kutoka nje ya dunia yetu kilitua pale. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilikuwa kizuri, basi akanichukua niwe mkalimani wake. Nilijiona nimefika! Nikaanza kuota atanipa kazi, pengine hata anipeleke kusoma ng'ambo.

Sasa nisikilize vizuri. Udaktari wake ulikuwa wa magonjwa ya kahawa. Alikuwa amesoma kweli, sitaki kumsingizia. Lakini mambo ya angani hakuyasomea, na wala hakuwa daktari wa kutibu watu. Mimi nililijua hilo, kwa maana aliniambia mwenyewe. Mama zetu waliposikia "Daktari" walimwona mtu wa hospitali, nami sikuwaeleza tofauti.

Ukumbini siku hiyo watu walijaa hadi madirishani. Daktari alimimina maji kwenye chupa yenye lile vumbi, likachemka, wanawake wakapiga kelele. Akasema hakuna kitu cha duniani kinachofanya hivyo. Nikatafsiri kwa sauti ya madaha.

Ndipo akasimama Mzee Wesonga, jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya reli. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini na ovaroli yake ya grisi.

"Binti," akasema, "hebu muulize Daktari. Amewauliza wale mafundi wa nyuma ya kiwanja wanamwaga wapi kabaidi yao? Hayo ni mawe ya kutoa gesi ya kuchomelea. Yakitiwa maji yanachemka hivyohivyo, yananuka hivyohivyo, na gesi yake inashika moto. Nimeyafanyia kazi miaka ishirini."

Mwanangu, lile lilikuwa swali la kisayansi kuliko yote yaliyosemwa mle ndani. Nami niliona haya kwa niaba ya Daktari, eti mtu wa grisi amsumbue msomi. Nikamgeukia Daktari, nikamwambia kwa Kiingereza, "Mzee anakushukuru kwa kuja." Daktari akatabasamu, akaitikia. Nikawageukia watu: "Daktari anasema hilo alishalichunguza, akaona silo."

Watu wakacheka. "Kaa chini, mzee!" Mzee akaniangalia, akachukua kofia yake, akatoka.

Watu walipotawanyika, Mama Wanjiru akatufuata mlangoni na binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa amecheza kiwanjani asubuhi hiyo, na macho yalikuwa yamevimba, mekundu. Daktari akamtazama, akampiga picha mara tatu. Akasema hiyo ni alama ya miale ya chombo kile, asiguswe hadi wenzake wafike kutoka ng'ambo. Nikatafsiri neno kwa neno. Safari hii sikuongeza wala kupunguza, na ndiyo tafsiri inayoniuma zaidi.

Mtoto alikaa siku nane kwenye chumba chenye giza, akilia. Siku ya tisa Mzee Wesonga akakutana na mama yake kwenye mfereji wa maji, akasikia habari. Hakungoja hata ndoo ijae. Alimbeba Wanjiru hadi zahanati na kumwambia muuguzi ni kabaidi. Muuguzi akasema macho yangeoshwa kwa maji mengi saa ileile, yangepona yote mawili. Likapona moja.

Nilikwenda ofisini kwa Daktari kumweleza. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alisema inasikitisha, lakini mtoto hakuwa sehemu ya utafiti wake. Hakuwa sehemu! Na zile picha? Hao wenzake hawakuja kamwe. Mwezi haukwisha naye akaondoka, na ninavyojua hakuwahi kusema hadharani kwamba alikosea.

Jioni ya siku ile niliyokwenda ofisini, Mzee Wesonga alikuja kwetu. Alikataa kiti.

"Nekesa," akasema, "Kiingereza cha kushukuru nakijua. Nilisikia ulichomwambia. Sikuchukia kuchekwa. Nimechukia kwa sababu watu walidhani swali limejibiwa, wakaacha kuuliza. Yule mgeni ana kosa lake. Wewe una lako."

Nilikwenda kwa Mama Wanjiru, nikapiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Simlaumu mpaka leo.

Basi ninapowaona hawa wa kwenye simu, nawaka. Sisemi angani hakuna kitu. Mungu ameumba mengi nisiyoyajua. Ninachosema ni kwamba mtu akikuletea habari kubwa namna hiyo, jambo la kwanza ni kumuuliza alisomea nini hasa, maana bingwa wa kahawa si bingwa wa nyota. Muulize pia kama alitafuta sababu za kawaida kabla ya kurukia sayari nyingine. Wanasayansi wenzake wamekishika hicho kitu mikononi, au ni yeye tu na picha zake? Na mtazame sana anapoulizwa swali. Mkweli hulipokea, hata likitoka kwa mtu wa ovaroli, na akikosea husema nimekosea mbele ya walewale aliowahutubia. Akianza kukutajia vyeti vyake badala ya kukujibu, mwache aongee peke yake.

Nawe ukipewa nafasi ya kufikisha maneno ya mtu, hata kwa kuyasambaza tu kwenye simu, ujue unayabeba wewe. Kuna mama mahali fulani atayafuata.

Mungu akupe elimu, mwanangu, na akujalie moyo usiomwonea haya mtu mwenye swali la kweli. Macho yako na ya watoto wako yasipatwe na baya. Amina.