Mwanamke wa Gauni la Njano

Wenzangu wanalia na wanawake wa baa. Mimi wivu ulinikamata kwa mwanamke wa udongo, urefu wake haufiki hata kidole gumba.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea huko Geita, kwenye mashimo ya dhahabu. Nyumbani Shinyanga anarudi mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki wote ni wa treni yake. Ameijenga juu ya meza yetu ya chakula: reli za waya, mabehewa ya makopo ya samaki, stesheni ya boksi la sabuni, marobota ya pamba ya kweli kutoka shambani Samuye. Sisi tunakula sahani mapajani. Nilivumilia. Asubuhi moja nikamsikia sebuleni akiamkia kwa Kisukuma chake kitamu, "Mwangaluka, mwangaluka!" Nikaitikia kutoka jikoni, moyo mweupe. Kumbe anawaamkia abiria wake wa udongo! Mimi niliyemchemshia maji ya kuoga, hata "umeamkaje" sijaipata.

Nikaenda kuwatazama hao wanaoamkiwa. Pembeni mwa stesheni alisimama mwanamke wa gauni la njano, sanduku miguuni. Wengine aliwafinyanga ovyo ovyo, hawana hata pua. Huyu ana hereni.

"Huyu nani?"

"Abiria tu."

"Abiria gani ana hereni, wenzake hata masikio hawana?"

Akawasha treni. Ikafika mbele ya yule mwanamke, akaisimamisha kidogo, akaiachia. Ikaja tena, hivyo hivyo, kisha akaizima. Mwanamke yuko palepale.

"Mbona hapandi?"

"Yule alipanda," akasema, macho kwenye reli. "Nilifika stesheni nimechelewa. Huyu basi asipande."

Yule nilimjua kwa kusimuliwa. Ni mke aliyekuwa naye kabla yangu, aliyepanda treni hapa hapa Shinyanga akaenda zake Dar, asirudi. Nilidhani ameshamsahau.

Weee! Mwili ulinichemka. Miaka yote nampikia, namzalia, namfulia ovaroli za grisi, kumbe nina mke mwenza ndani ya nyumba, tena yeye ndiye aliyepewa meza!

"Abiria husafiri, baba watoto," nikamwambia. Nikamnyanyua kwa vidole viwili, nikamtupa ndani ya behewa la mwisho pamoja na sanduku lake, nikawasha swichi mwenyewe. Mume wangu alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Safari njema, shoga!" nikampungia. "Usisahau kutosahaulika!" Sijui hata nilisema nini, hasira hizo. Treni ikapita marobota ya pamba, ikapotea nyuma ya stesheni. Nikapumua.

Halafu ikatokea upande wa pili. Reli yenyewe ni ya mduara. Ikaja taratibu, mume wangu akaizima mbele ya stesheni, na yeye, ambaye hajawahi kunifuata stendi hata siku moja, alikuwa ameshainama kumpokea yule mwanamke sanduku.