Soksi za Njegere Mwitu

Mama mkwe wangu Gulizar ana ugonjwa mmoja: akiahidi, lazima atimize, hata kama tutakaochekwa ni sisi. Mwaka jana alimwahidi Berfin, binti wa chuo kikuu anayezunguka mlima wetu wa Karajadag akichunguza mimea, mbegu za njegere mwitu zenye maua ya zambarau iliyokolea. Walifika wakakuta maganda matupu. Njegere ya bustani hutulia gandani ikimsubiri mchumaji. Ya mwitu, ikikaushwa na jua, ganda hupasuka na mbegu huruka kwenye mawe.

"Huyu wa mwitu ndiye bibi wa njegere za sokoni," Berfin alimwambia. "Na kila bonde lina ukoo wake. Hawa wa zambarau sijawaona kwingine."

"Bibi gani huyo anayetupa wajukuu?"

Mwaka huu Shekhmus, shemeji yake, mwenye kipande cha ardhi zinapoota, aliamua kuondoa mawe kwa trekta apande mpunga. Trekta ingekuja Jumatatu mchana, na ukoo wa zambarau ungekwisha. Alfajiri hiyo mama mkwe alifungua sanduku, akatoa soksi zote alizowafumia wajukuu wake tisa walipokuwa wachanga. Umande ulikuwa bado umelainisha maganda. Akayavisha soksi, moja moja, akayafunga kwa uzi. Mimi nilishika uzi nikiomba majirani wasipite. Walipita.

"Gulizar, magugu yanasikia baridi?"

"Kuliko mumeo! Hebu kamfunike!"

Berfin alifika saa nne, akaona soksi mlima mzima, akacheka mpaka akakaa chini. Saa sita Shekhmus naye akaja na trekta yake inayonguruma.

"Shemeji, umerogwa?"

"Zima hilo dude usikilize."

Akazima. Tak! Soksi ya bluu ikaruka. Tak! Tak! Mama mkwe akapiga vigelegele kama yuko harusini, nami, niliyekuwa nikiona aibu tangu alfajiri, nikampokea kwa sauti kubwa zaidi. Tulikung'uta soksi kwenye kitambaa: mbegu ndogo, nyeusi, zenye madoadoa. Nilifurahi, sifichi.

Lakini upande wa juu, penye kivuli cha mwamba, maganda yalikuwa bado mabichi.

"Hayo mpaka wiki ijayo," Berfin alisema polepole. "Na ndiyo mengi."

Mama mkwe hakumwomba shemeji yake. Aligeuza sanduku, akatikisa. Halikuwa na kitu, na soksi nyingine bado zilikuwa zimevishwa maganda ya chini. Shekhmus alitazama trekta, akatazama mwamba, akaguna. Kisha mzee yule mbishi, ambaye hajawahi kumwachia mtu hata kivuli cha mti wake, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuvua viatu.

"Zangu ni kubwa," alisema, akinyoosha soksi mbili zilizotufanya sote tuzibe pua. "Kila moja itameza maganda matatu. Mpunga utaanzia kule chini."

"Zifue kwanza, shemeji," mama mkwe akasema huku machozi yakimtoka. "Tusije tukamuua bibi."