Mafuta Kwenye Diski

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kufika Tukuyu, Mungu alinijalia gari dogo jeupe. Ng'ombe wangu niliwaelewa zaidi.

Tuliishi Masoko, na mkamwana wangu alikuwa anakaribia kujifungua. Hospitali iko mjini, na wa kumpeleka nilikuwa mimi. Kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Basi alikaa kiti cha nyuma, kanga usoni, na maneno yake yote yalipita kwa mke wangu.

Siku moja tukitoka kliniki mke wangu akasema, "Mwenzetu wa nyuma anasema gurudumu la mbele linalia."

Kwa kuwa bawaba ya mlango ikilia hupakwa mafuta, nami nilichukua mafuta ya kupikia nikaipaka diski ya breki. Kelele zikakoma. Nikamshukuru Mungu.

Safari iliyofuata, mteremkoni, nilikanyaga breki na gari likaendelea na shughuli zake. Ndipo nyuma ya kanga ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Baba, gia! Weka gia ndogo!"

Niliweka, nikavuta breki ya mkono, tukasimama ndani ya migomba ya jirani. Mke wangu alipoona sote wazima alicheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake alikuja fundi, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alipiga jeki, akafungua gurudumu, akagusa diski, akanusa kidole.

"Shikamoo, mzee. Hapa mlikaanga nini?"

Nikaungama.

"Mzee wangu! Breki hukamata kwa ukavu. Wewe umeipaka kama mtoto aliyetoka kuoga."

Akanionyesha pedi, zile zinazoibana diski, zilivyolika hadi chuma. Chuma kikisaga chuma ndicho kilicholia. Alisafisha diski kwa petroli, akasugua kutu kwenye pini, akafunga pedi mpya upande huu na ule. Kisha tukatoa upepo kwenye mabomba ya breki, mimi kwenye pedeli, yeye chini.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Amina," nikajibu kila mara, naye akacheka huko chini.

Uchungu ulianza siku ya tatu, asubuhi, kukiwa na manyunyu. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye kila mteremko niligusa breki nayo ikakamata taratibu, bila kuvuta upande. Mara mbuzi watatu wakakatiza mbele yetu; gari likasimama palepale, wakapita bila haraka. Langoni wauguzi walimpokea mkamwana, na mke wangu akaingia naye.

Nilibaki ndani ya gari nikiomba. Sijui zilipita saa ngapi. Mke wangu alipotoka, alichungulia dirishani, akatazama chini ya usukani.

"Ni binti, na mama yake mzima," akasema. "Sasa toa mguu kwenye breki, baba. Tumeshafika."