Mwezi wa Sita Tulioukubali Wote

Niliingia kwenye mkutano ule nikiwa nimeshakataa. Nilikataa tangu nyumbani, nikakataa njiani, na nilipojikunja kwenye dawati la watoto, magoti karibu yaguse kidevu, nilikuwa nasubiri tu mwalimu mkuu amalize ili nisimame nikatae kwa sauti. Hoja tuliijua kabla hajafungua mdomo. Matokeo ya shule yetu yalikuwa ya kutia aibu, na walimu walitaka likizo ya mwezi wa sita ifutwe. Watoto waunganishe masomo mpaka muhula wa pili uanze mwezi wa saba, na sisi wazazi tuchangie mchele na maharage ya chakula cha mchana.

Mtu wa mjini atashangaa mzazi anakataaje mwanawe asome. Asishangae, aje Ubaruku mwezi wa sita. Maji ya mfereji huanza kwa wenye mashamba ya juu, kwa hiyo wao hupanda mapema na kuvuna mapema. Sisi wa mkiani, mwisho wa mfereji, tunapata maji wenzetu wakishatosheka, na mpunga wetu unaingia kwenye maziwa, punje bado laini, wakati wao wameshaweka ghalani. Ndege wote wa bonde wanabaki na sisi tu. Kweleakwelea wakishuka kwenye jaruba lisilo na mtu, unakuta mashuke yamesimama wima kama kawaida, ukiyaminya hamna kitu. Wanaowaamia na kuwafukuza ni watoto, kwa madebe na makombeo na kelele, tangu alfajiri mpaka giza linaingia. Likizo ya mwezi wa sita kwetu haijawahi kuwa mapumziko ya mtoto.

Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja na shamba moja. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la pili, akatuachia kile kipande cha mkiani. Tukivuna, tunakula mwaka mzima. Tusipovuna, nakwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu, na binti anakwenda na mimi, kwa sababu mikono miwili haitoshi. Mwaka ule alikuwa la saba, na mtihani wake ulikuwa mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeapa kwamba mwaka ule hatashika mundu wa mtu.

Mkutano ulichangamka. Mzee mmoja alisimama na fimbo yake akasema, "Mwalimu, mtoto akisoma huku mpunga inaliwa na ndege, huo mchele unaotuomba tutautoa wapi? Kwako?" Watu wakapiga makofi. Akasimama baba mmoja, mfugaji, watu wake walihamia huku kutoka kaskazini na ng'ombe wao. "Mimi mtoto yangu akikaa likizo anasahau hata jina lake kuandika," alisema. "Akirudi shule anaanza upya. Mimi nasema asome." Kuna mtu nyuma akamjibu, "Wewe ng'ombe zako haziliwi na ndege!" Chumba kizima kikacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akakaa.

Nikawa najiweka sawa nisimame. Jirani yangu akanigusa bega, akasimama yeye.

Huyu jirani lazima nimweleze. Shamba lake na langu yanapakana, tuta ni moja, akipita upande wake anakanyaga wangu. Ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Mume wangu alipofariki alilala kwangu matanga yote, akanipikia, akanilisha kwa mkono wake nilipokataa kula. Mimi kwetu ni Kalenga, Ubaruku sikuwa na ndugu. Yeye ndiye niliyemwita dada, na binti yangu alimwita mama mkubwa.

"Jamani," alisema, "ndege hajui huyu mtoto, huyu mama. Anaogopa kelele tu. Sisi akina mama wa mkiani tupo. Tupeane zamu, leo huyu aamie mashamba yote, kesho mwenzake, watoto waende shule. Ila iwe wote. Asije mtu akamficha wake nyumbani."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonigeuza moyo, kwa sababu alikuwa ametaja jambo ambalo kila mkulima wa mkiani analijua na hakuna anayelisema. Ndege ukimfukuza kwako hafi, anahamia kwa jirani. Mwenye watoto watatu shambani anamtupia ndege mwenye mtoto mmoja, na asiye na mtoto ndiye anayewalisha. Kukiwa na mtu mmoja tu anayezunguka, hasara kidogo tutagawana. Kila mtu akirudi kwenye jaruba lake na wanawe, kuna mtu atafilisika, na tulijua ni nani.

Akanigeukia. "Sivyo, mdogo wangu?"

Nikasimama. Mtani wangu mmoja akapaza sauti, "Mhehe kasimama, sogezeni madawati!" Nikamwambia atulie, zamu yake ya kutukanwa itafika. Halafu nikasema kwamba nilikuja kukataa, wote wananijua, lakini kwa hili alilosema dada yangu nakubali, na binti yangu atakuwa wa kwanza kufika. Mikono ikaanza kupanda. Wanawake wa mkiani walinitazama mimi kwanza, ndipo wakainua ya kwao. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile, nisidanganye.

Masomo ya mwezi wa sita yakaanza, na zamu ya kwanza nilichukua mimi. Nilizunguka matuta ya watu kutwa, nikilipiga debe mpaka likapasuka. Ndege wakitua kwa dada nakimbilia kwa dada, wakitua kwa mwingine nakimbilia huko. Kwangu nilifika kwa zamu kama kwa wengine. Jioni sikuwa na sauti ya kuombea chakula, lakini nilipita shamba kwa shamba nikaona mpunga upo, nikalala kwa amani.

Siku chache baadaye kaka yangu akapiga simu kutoka Kalenga: mama ameanguka uani, mguu umevunjika, hawezi hata kujigeuza. Nilikwenda kwa dada na simu bado mkononi. "Nenda," aliniambia. "Mpunga wako si mpunga wangu? Mtoto atakula kwangu, shule ataenda. Nenda kauguze."

Nikaondoka. Baridi ya Mafinga ilinikuta ndani ya basi na kitenge kimoja. Kalenga nilimkuta mama yangu amenywea lakini mkali kama zamani. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamkorogea uji. Siku moja akaniuliza, "Na mpunga wako umemwachia nani?" Nikamwambia kwa majivuno jinsi tulivyopanga, jinsi watoto wote wanavyosoma, jinsi dada yangu anavyoniangalizia. Mama akasema, "Haya," akanipa kikombe.

Nilikuwa napiga simu Ubaruku kila baada ya siku mbili kuulizia mpunga. Dada alipokea kila mara. "Upo salama, mdogo wangu. Umeanza kuinama." Asubuhi moja, nyuma ya sauti yake, nikasikia watoto wakipiga mayowe na debe likigongwa. Nikafurahi kusikia shamba. Sikujiuliza watoto wale wanafanya nini pale saa za masomo.

Mama alipoanza kukaa mwenyewe, wifi yangu akashika zamu, nikarudi. Sikupitia nyumbani. Niliacha mzigo kwa mama muuza chai pale gari inaposhushia, nikaenda moja kwa moja mkiani.

Kwa mbali mpunga wangu ulionekana mzuri. Ulikuwa umesimama kuliko wa wote, na hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu shuke lililojaa huinama. Nikaingia ndani, nikashika shuke, nikaliminya. Nikashika lingine. Nilikwenda hivyo mpaka katikati ya jaruba, nikikamata maganda matupu. Upande wa pili wa tuta mpunga wa dada yangu ulikuwa umelala kwa uzito, na ndani yake wanawe walikuwa wamesimama kila mmoja na kona yake, kombeo mkononi. Ilikuwa asubuhi, tena siku ya shule. Nikatazama mashamba mengine. Kila shamba lilikuwa na watoto wake. Langu peke yake halikuwa na mtu.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliusikia msemo huu tangu utotoni na nikadhani unahusu chawa.

Dada alinikuta nimekaa kwenye tuta. "Umerudi," alisema. "Mama anaendeleaje?"

"Dada, umenifanya nini?"

Hakujifanya hajaelewa, hilo namshukuru. "Ndege walinishinda," alisema. "Siku ya zamu yangu walikuja wengi, nikakimbia huku, wakatua kule. Nikaita watoto siku ile tu. Wenzangu wakaona, wakaita wa kwao. Ndiyo ikawa hivyo."

"Na wangu kwa nini hukumwita?"

"Wewe ulisema asome. Mbele ya watu wote. Mimi nitamtoaje shule mtoto wa mtu?"

"Nilipiga simu! Nilikuuliza!"

"Ulikuwa unauguza. Ningekwambia nini na wewe upo Kalenga?"

Jioni binti yangu akanieleza yaliyobaki. Darasani walikuwa wamebaki wachache, wengi watoto wa mashamba ya juu. Siku moja mapumziko ya saa nne alikimbilia mkiani akaona ndege wameufunika mpunga wetu. Akavua viatu aingie. Mama yake mkubwa akamzuia pale pale tutani. "Rudi shule," alimwambia. "Mama yako akikukuta huku atanilaumu mimi." Akarudi. Alikuwa mtoto mtiifu na huyo alikuwa mama yake wa ubatizo. Nasema ninavyoamini: dada yangu alijua kwamba binti akisimama kwetu na debe, ndege watavuka tuta. Alihitaji shamba moja lisilo na mtu, na alilipata la kwangu. Njaa ningemsamehe. Ile "upo salama, mdogo wangu" ya kwenye simu imenishinda kusamehe mpaka leo.

Siku ya mwisho ya masomo yale mwalimu mkuu alimsimamisha binti yangu mbele ya paredi. Alisema huyu hakukosa hata siku moja, na mama yake ni mzazi wa kuigwa. Watoto wakampigia makofi. Binti aliniambia hayo akiwa amenipa mgongo, anachochea moto.

Mwezi wa saba muhula wa pili ulifunguliwa. Watoto wa mkiani wakarudi shule, maana mpunga wa kwao ulikuwa umekomaa na ndege hawautaki tena. Wangu ulinipa kiasi cha kuweka kwenye sufuria siku chache. Nikaanza vibarua. Anayevuna analipwa mpunga kwa eneo alilokata, na mtu mmoja anakata kidogo. Nilimwambia binti yangu, "Njoo unisaidie wiki moja tu." Alichukua mundu. Wiki ile ikazaa nyingine. Mashamba mengine yalipokwisha, likabaki la dada yangu, na alikuwa anatafuta wavunaji. Nilikaa siku nzima nikisema siendi. Asubuhi yake nilikwenda, kwa sababu mtoto alikuwa amelala na uji tu.

Tulikuwa tumeinama tunakata pale bintiye dada, anayesoma la saba pamoja na wangu, alipokuja kutoka shule na sare yake safi. Alisimama juu ya tuta.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

"Mwalimu mkuu ameniagiza. Anauliza mbona mwenzangu haji, na mtihani umekaribia. Anasema alimsifia kwa watu wote, sasa amekuwaje?"

Dada yangu akainua mgongo kule alikokuwa anafunga matita. "Mwambie mwalimu anaumwa," alisema. Alilisema kwa upole, kwa kunisitiri.

Binti yangu akaacha kukata. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, na nikajua anangoja niseme kwamba haumwi, kwamba kesho atakwenda. Mbele yangu mpunga wa dada yangu ulikuwa umelala mzito mpaka kwenye tuta, na bado hatujafika nusu.

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema.