Kitanzi cha Mama Ngazi

Alikuwa fundi rangi, na mtaani walimwita Mama Ngazi. Kuta za juu, zile ambazo mafundi wenzake walizikwepa, yeye alizipanda huku akiimba.

Lakini kwa miaka mitano hakupanda sana. Vidonge vya kuzuia mimba alivisahau, tarehe za sindano zikampita, na watoto watatu wakaja mfululizo kama waliopanga foleni. Kila tumbo lilipoanza kuonekana, msimamizi alimwambia akapumzike, kisha kazi akapewa mwingine. Siku alipomkuta mwanafunzi wake mwenyewe akipaka ukumbi alioahidiwa yeye, aligeuza njia, akaenda moja kwa moja kliniki.

Muuguzi alimwekea kiganjani kitu kidogo chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba.

"Hiki ndicho kitanzi. Kinakaa ndani ya mji wa mimba, kinakukinga na mimba hata miaka kumi. Ukitaka mtoto kabla ya hapo, njoo nikitoe."

"Mimi msahaulifu, dada."

"Basi hiki ndicho chako. Hakina cha kukumbuka kila siku."

Mumewe, dereva wa lori, hakuwa na neno. Aliyekuja juu ni mama mkwe.

"Mwanangu, hilo dude linapanda mpaka kwenye moyo!"

"Mama, kesho twende wote. Umuulize muuguzi mwenyewe."

Wakaenda. Mama mkwe akauliza bila kumung'unya maneno. Muuguzi akamwonyesha mchoro ukutani: moyo kule, mji wa mimba huku, njia ya kuiunganisha hakuna. Mara chache kitanzi huchomoka au kuhama, akasema, ndiyo maana mtu hurudi kukaguliwa. Mama mkwe akaufuata mchoro kwa kidole.

"Mimi nimezaa tisa," akasema. "Enzi zile mlikuwa wapi nyinyi?"

Kuwekewa kulichukua dakika chache tu. Tumbo lilimbana, akauma meno. Miezi mitatu ya kwanza hedhi ilikuwa nzito na kiuno kikamkatika. Mama mkwe, aliyekuwa akimkanda kwa maji moto, akamuuliza kama angependa kitolewe.

"Niliambiwa mapema kwamba mwanzo utanisumbua. Sitoi."

Mwezi wa nne mwili ukatulia. Mwaka huo alipaka jengo la ghorofa nne, nje na ndani, bila kuachia njiani. Mwaka uliofuata akawa msimamizi, na mafundi wake wa kwanza wawili walikuwa wanawake.

Mwaka wa sita yeye na mumewe wakataka mtoto mwingine. Kitanzi kikatolewa, na mwaka haukwisha kabla hajashika mimba. Safari hii hakuna aliyemrudisha nyumbani. Alikaa kitini chini ya ukuta, akiwapigia mafundi kelele waliporuka pembe.

Wiki ya sita baada ya kujifungua alirudi kliniki, mtoto mgongoni. Muuguzi akafungua kabati la vielelezo.

"Maelezo hayo nayajua," Mama Ngazi akamwambia, akivua viatu. "Wewe niwekee tu. Jumatatu napanda."