Adui Aliyesema Naomba

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nicheke. Mkuu wa Sauti, mama wa Kiingereza mwenye miwani puani, aliniingiza katika chumba kisicho na mwangwi huko Edgbaston, Birmingham, akasema, "Cheka kama mtu aliyeiba jua." Nikacheka mpaka koo likakauka. Akaniambia nirudi Jumatatu. Hivyo ndivyo mimi, Msomali niliyelelewa Nakuru, nilivyoanza kula mshahara wa uovu.

Kwanza nilipangiwa meza ya vitabu vya katuni, kutia Kiswahili ndani ya maputo, yaani vile viduara vya maneno vinavyotoka midomoni mwa wahusika. Puto halina huruma. Neno likizidi, linamfunika mtu pua. Baadaye nikahamishiwa tamthilia yenyewe, ile ya zamani ya shujaa mwenye joho la kijani. Steringi huyo alishinda kila kipindi, kwa hiyo hakuhitaji akili. Akili zote walikuwa nazo maadui, na maadui wote walikuwa wangu, akiwemo Profesa Kutu, mla madaraja. Kila mmoja nilimpa koo lake, na nilipatanisha sauti na midomo yao mpaka ungeapa wamezaliwa Nakuru. Sijifanyi mnyenyekevu: nilikuwa hodari.

Kisha wakubwa wakauliza swali lililonichoma. Watoto wa Birmingham wanajua Kiingereza, sasa Kiswahili cha nini? Wakaamua kipindi kimoja kionyeshwe mbele ya familia katika ukumbi mmoja Erdington. Watoto wakinaswa, meza yetu ya Kiswahili ingebaki. Wakirudi kwenye simu zao, ingefungwa, na kazi yangu yote ingekwenda na maji.

Mhariri wa Maneno, Mkongomani mpole, akamwita Mama Neema, muuguzi Mtanzania, atusikilize kabla ya siku hiyo. Nikavuta pumzi, Profesa Kutu akamngurumia meya: "Leta funguo za mji!"

Mama Neema akacheka mpaka machozi. "Jamani! Huyu si adui. Huyu ni Mkenya anaagiza chai!"

"Sasa ulitaka aseme nini, mama?" nikauliza. Niliudhika, nasema kweli.

"Baba, anayefoka tunajua hana adabu, yameisha. Wa kuogopwa ni yule anayekuomba vizuri, naye anajua huna pa kukimbilia."

"Bon, mzee, ujaribu tu," akasema Mhariri. "Ile haiue mutu."

Nilinuna siku nzima. Kumbe yule mama alikuwa amenifundisha kazi ambayo nilidhani naijua. Kesho yake nikarekodi upya, polepole, kwa sauti ya mgeni anayebisha hodi: "Shikamoo, mheshimiwa. Samahani kwa usumbufu. Naomba mji wako."

Siku ya maonyesho nilikaa nyuma kabisa. Watoto walianza na simu zao, kama tulivyohofia. Profesa Kutu akapiga goti mbele ya meya, akamwamkia, akaomba. Simu zikashushwa moja moja. Meya akanyoosha mkono kumpa funguo. Hapo Neema mwenyewe, mtoto wa miaka saba ambaye mama yake humsemesha Kiswahili naye hujibu Kiingereza, akapanda juu ya kiti.

"Usimpe!" akapiga kelele. "Usimpe! Muongo huyo!"

Wenzake wakadakia: usimpe, usimpe, ukumbi mzima. Mama Neema alijifunika uso kwa mtandio, akalia bila aibu. Mkuu wa Sauti, asiyejua hata neno moja, akaniinamia akauliza, "Wanasemaje?"

"Wananichukia," nikamjibu, "kwa Kiswahili."

Meza ilibaki, nami nikaiacha kwa hiari yangu mwaka uliofuata. Sasa nimestaafu, nakaa Kingstanding, na vijana waliorithi maadui wangu hunipigia kuuliza siri ya kazi. Nawaambia ukweli: mwenye joho la kijani aliniangusha kila kipindi, hata siku ile. Lakini siku ile nilianguka nikiwa nimeshinda.