Shtaka Lililopakwa Wino

Karani wa mahakama alikuwa amesoma mashtaka kwa sauti miaka ishirini na miwili, ya wezi wa kuku na ya wauaji, lakini hasira ya asubuhi ile hakuwahi kuionja. Karatasi aliyopewa na mwendesha mashtaka ilikuwa imepakwa wino mweusi: tarehe, mahali, hata kosa lenyewe. Kizimbani alisimama fundi redio, aliyekuwa rumande kwa mwezi wa tatu sasa.

"Soma, mama," alisema hakimu.

"Nisome nini, mheshimiwa? Limebaki jina lake na nukta."

Mwendesha mashtaka akadakia, "Ni siri ya usalama wa taifa."

"Siri hata kwa anayeshtakiwa?" karani akamuuliza. "Si mngemfunga kimyakimya, mkatuondolea maigizo!"

Fundi akakohoa. "Mama, jina nalikiri. Hayo mengine nisaidieni."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Hakimu akamwamuru aandike kwamba mshtakiwa amesomewa shtaka na amelielewa, ili kesi ianze. Karani akaisukuma kalamu mbele ya hakimu.

"Andika mwenyewe, mheshimiwa. Mimi msomaji sikuelewa, yeye aelewe kwa ramli?"

Hakimu aliitazama kalamu kitambo, asiiguse. Kisha akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Lete shtaka linalosomeka kabla ya saa nane. La sivyo, huyu anakwenda kwake."